Matone ya alfajiri na mvua haijanyesha

Mama mmoja anayeishi Dagoretti ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake:

"Fundi, habari za kazi. Nyumba yangu ni ya vyumba vitatu, ya paa la mabati, aliijenga marehemu mume wangu mwaka 2009. Tangu mwisho wa Juni matone yanaanguka kutoka kwenye silingi ya jikoni na ya chumba cha wajukuu, alfajiri, hata siku ambazo mvua haijanyesha. Nimeita mafundi watatu. Wote wanasema paa limeisha, libadilishwe lote. Mmoja amenipa bei ya laki nne na nusu na anataka nusu kabla hajaanza. Kaka yangu yuko Minnesota, anasema huko hawezi kugusa paa lake kabla mkaguzi hajaleta ripoti. Je, ukaguzi wa namna hiyo una maana huku kwetu ambako theluji hakuna? Na mjukuu wangu mkubwa amejitolea kupanda Jumamosi apake silikoni kwenye misumari. Nimwache?"

Mama, pole kwa usingizi unaokatizwa, na umefanya vyema kuuliza kabla pesa hazijatoka. Wiki hii usimlipe mtu yeyote hiyo nusu. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona dalili nyingi kwamba maji hayo hayaingii kutoka nje. Yanatoka ndani ya nyumba yako, yanapanda na hewa yenye mvuke, yanakutana na bati baridi na kurudi chini yakiwa matone. Mafundi wengi wa Nairobi wanasema bati linatoa jasho. Kama ni jasho, unaweza kuezeka upya kwa bati nene kuliko yote mjini na Julai ijayo ukaamkia matone yale yale. Sijafika kwako, kwa hiyo siwezi kuapa. Ukaguzi ndio utakaotoa jibu, na ndiyo maana nakubaliana na kaka yako, theluji iwepo isiwepo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewahi kushiriki kosa hilo. Nikiwa bado kijana kazini, nilikuwa kwenye kundi la mafundi lililomwezekea upya mwalimu mmoja mstaafu upande wa Uthiru. Alikuwa na malalamiko kama yako. Tulipanda, tukaona kutu kidogo kwenye lapu, pale bati moja linapolalia jingine, tukamwambia paa limekwisha. Tukang'oa kila kitu na kupiga bati jipya linalong'aa. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, alinipigia simu kabla jua halijachomoza: matone yamerudi. Nilienda peke yangu na tochi, nikaingia juu ya silingi, nikapitisha kiganja chini ya bati. Kilirudi kimelowa kama nimekichovya kwenye karai. Bati halikuwa na tundu hata moja. Pesa za kiinua mgongo cha mzee yule zilikuwa zimekwenda kutibu ugonjwa ambao nyumba yake haikuwa nao. Tangu siku hiyo sipandi paa la mtu kabla sijaingia chini yake kwanza.

Sasa nikueleze linavyotokea. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda, jua huonekana kwa nadra, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, mara nyingine chini ya 10. Huko kwenu Dagoretti mnaijua baridi hiyo kuliko watu wa Embakasi. Bati ni jembamba, halishiki joto, na usiku hulipoteza kuelekea angani mpaka likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Angalia gari lililolala nje: paa lake huwa na umande asubuhi hata kama hakujanyesha. Bati la nyumba hupata umande huo huo, ila lako lina unyevu mwingi zaidi upande wa chini, kwa sababu chini yake kuna watu wanaoishi.

Hewa ikiwa na joto hubeba mvuke mwingi, ikipoa, inautema. Hewa ya jikoni yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutema maji ikigusa kitu chenye nyuzi 14 hivi, na bati lako alfajiri liko chini ya hapo. Mvuke wenyewe unatoka wapi? Sufuria ya githeri inayochemka jioni nzima. Shawa ya umeme ya watoto kabla ya kulala. Nguo za shule zilizoanikwa sebuleni kwa sababu nje hazikauki. Pumzi za watu waliolala chumba kimoja. Tena kuna chanzo ambacho karibu kila mtu hukisahau: gesi ya kupikia. Gesi ikiungua hutoa maji. Kilo moja ikiungua yote hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Mtungi wako wa kilo 6 ukiisha, umemwaga hewani zaidi ya lita 9, karibu ndoo nzima, na hapo sijahesabu mvuke wa chakula.

Zamani mvuke huo ulikuwa na njia. Nyumba za mawe za Nairobi hujengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, na wengi huyaona kama adui wa Julai. Nimeyakuta yamezibwa kwa magazeti, kwa matambara, kwa mifuko ya unga, hata kwa saruji. Nakuomba uangalie ya kwako leo. Na kama kuna mtu anayeingiza jiko la makaa ndani kuota moto huku matundu yamezibwa, alikomeshe usiku huu huu, tusisubiri habari za paa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi kuna familia isiyoamka kwa sababu yake.

Ila nisikupe picha ya upande mmoja. Bati la tangu 2009 lina umri, na inawezekana una jasho na uvujaji kwa pamoja. Jasho la miaka mingi lenyewe hula bati kutoka chini, mahali ambapo fundi anayetembea juu hawezi kuona. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni maji gani yanayodondoka.

Unaweza kuanza mwenyewe bila gharama. Chukua daftari la shule, na kwa wiki mbili andika kila asubuhi: tarehe, kama mvua ilinyesha usiku, saa ulipoona tone la kwanza, na chumba. Chora silingi kwa kalamu na uweke alama kila panapodondoka. Maji ya mvua huja na mvua au muda mfupi baada yake, hukaa sehemu moja au mbili, na yakikauka huacha duara la kahawia lenye ukingo mweusi kidogo, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Jasho huja alfajiri bila mvua, huonekana sehemu nyingi kwa wakati mmoja, hukoma jua likipiga paa, na alama zake mara nyingi hukaa kwenye mistari. Mistari hiyo ina maana: maji huteremka chini ya bati yakifuata mteremko mpaka yakute ubao wa papi, ule unaolazwa kukatiza kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) ili bati lipigiliwe, na hapo ndipo yanapoachia. Ukiona matone yamejipanga kwa nafasi zinazolingana, ubao unakuonyesha ulipo.

Kuna mshukiwa wa tatu ambaye mafundi wako hawakumtaja. Tangi lako la maji liko wapi? Wengi wetu tunapata maji ya mfereji kwa mgao, na yakija huja usiku wa manane. Kama tangi limewekwa juu ya nyumba na boya lake limechoka, hujaa saa tisa, humwagika kwenye bomba la ziada, na bomba hilo likiwa limechomoka maji huishia kwenye silingi. Alfajiri unaona matone na mvua haikunyesha. Katika daftari lako ongeza safu moja: usiku huu maji ya mfereji yalikuja au la. Safu hiyo imewahi kumaliza kesi nzima kwa siku nne.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mtu akija, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda dakika tano na kushuka na bei, huyo hajakagua paa. Mkaguzi wa kweli huanza na maswali, kisha huzunguka nyumba akiwa chini, akitazama kama mstari wa paa umenyooka au umelegea katikati, kama fasia bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, imeoza, kama ukuta una michirizi ya kijani chini ya gata. Kisha huingia juu ya silingi. Hapa ndipo nusu ya majibu hupatikana, na ndipo wengi hawataki kuingia kwa sababu kuna vumbi, buibui na kinyesi cha popo.

Akiwa humo mchana, muombe azime tochi na atulie dakika chache macho yazoee giza. Bati lililotoboka litajitangaza lenyewe kwa vitundu vya mwanga kama nyota. Kisha awashe tochi tena na atazame misumari upande wa ncha. Msumari unaovuja mvua huwa na kutu iliyoteremka kwenye ubao katika mchirizi mmoja. Pakiwa na jasho, misumari mingi huota kutu kwa pamoja, ubao wa papi huwa na madoa meusi ya kuvu kwa urefu wake, na vumbi juu ya silingi lina vishimo vidogo vidogo vya matone, kama mchanga ulionyeshewa rasharasha. Vishimo hivyo vikishaonekana, mimi huacha kubahatisha. Halafu atumie kipimo cha unyevu cha mbao, kile chenye pini mbili. Mbao ya paa iliyokauka vizuri husoma chini ya asilimia 20. Ikikaa juu ya hapo kwa muda mrefu kuvu hupata makao, na mbao ya saipresi isiyotiwa dawa hulainika mpaka bisibisi ikaingia bila nguvu. Aitafute na njia ya mchwa, ile mirija ya udongo inayopanda ukutani.

Baada ya hapo ndipo apande juu, bati likiwa limekauka, akikanyaga penye safu ya misumari tu maana chini yake kuna ubao. Atazame raba za misumari. Jua la Nairobi huzikausha na kuzipasua, na bati nalo halitulii: la mita 6 likitoka nyuzi 10 za alfajiri hadi nyuzi 60 za saa sita mchana hurefuka kwa zaidi ya milimita 3, kisha hurudi. Mchezo huo wa kila siku ndio unaopanua tundu la msumari, na ndio unaopasua saruji ambayo waashi wetu hupenda kuijaza kati ya bati na ukuta. Saruji haifai hapo. Hupasuka kabla ya mwaka kuisha, na juu ya bati lenye alumini na zinki huharibu hata ile ngozi inayolilinda. Mahali pa bati kukutana na ukuta panataka kipande cha bati kilichokunjwa na kuchomekwa ukutani. Atazame pia vale, mahali miteremko miwili inapokutana, maana majani ya miti hujaa hapo, na kila mahali ambapo mtu wa dishi au wa sola amepita na drili yake.

Gata nizitaje kwa kifupi. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 120 likipigwa mvua ya milimita 50, lita 6,000 zinatafuta njia ya kushuka. Gata ikiwa imeziba, hurudi nyuma na kulowesha fasia na ncha za kenchi. Wakati wa mvua za 2024 niliona nyumba kadhaa ambazo paa lake lilikuwa zima kabisa, ila gata zilikuwa bustani ya nyasi.

Kama bado kuna shaka, kuna jaribio la mpira wa maji, na ni jaribio ninaloliamini kuliko macho ya fundi yeyote, yangu yakiwemo. Mmoja yuko juu na mpira, mwingine yuko juu ya silingi na tochi, wanaongea kwa simu. Wanaanza kumwagia chini kabisa penye gata, dakika 10 hadi 15 sehemu moja, kisha wanapanda kidogo kidogo. Ukianzia juu, maji hushuka na kulowesha kila kitu, hujui yaliingilia wapi. Paa likimwagiwa lote hivyo mchana na silingi ikabaki kavu, halafu alfajiri matone yakaja, kesi imekwisha: maji ni ya ndani.

Uliuliza kuhusu Minnesota. Kaka yako anaishi mahali ambapo wastani wa joto la Januari mjini Minneapolis ni karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, na theluji hulala juu ya paa wiki baada ya wiki. Ugonjwa mkubwa wa huko ni huu: joto la nyumba hupenya silingi na kupasha paa, theluji ya juu huyeyuka, maji huteremka mpaka kwenye ukingo unaotokeza nje ya ukuta, ambako hakuna joto la nyumba, na hapo huganda tena. Ukuta wa barafu hujengeka ukingoni, maji yanayofuata hukosa njia, hurudi nyuma na kupita chini ya vigae vya lami mpaka sebuleni. Ndiyo sababu kanuni za ujenzi za huko, sehemu zenye tatizo hilo, hutaka chini ya vigae pawekwe utando unaozuia maji kuanzia ukingoni hadi angalau sentimita 61 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Wakaguzi wa huko hupenda kuja majira ya kuchipua na ya vuli. Wakati wa theluji hawapandi. Hutazama kutoka chini kwa darubini, au kwa kamera ya joto inayoonyesha nyumba inapotoroshea joto. Na hutumia muda mwingi chini ya paa, wakipima kihami, lile tandiko la kuzuia joto lisitoroke, kilichotandazwa juu ya silingi, wakitafuta nyufa ambazo hewa ya ndani hupandia, na wakihakikisha kwamba feni ya bafu inatoa hewa nje kabisa, isiishie juu ya silingi.

Mama, umeona sisi na wao tunapokutana? Barafu ni yao. Lakini hewa yenye joto na mvuke inayopanda ikakuta paa baridi ni yetu sote. Wao wamelazimika kulijua jambo hili kwa sababu baridi yao haina msamaha. Yetu ni ya miezi mitatu, tunavumilia, Septemba tunasahau, na Julai nyingine inatukuta vile vile. Kuna kipimo chao ninachokitumia hapa Nairobi kama mwongozo: matundu ya kupitisha hewa chini ya paa yawe na jumla ya eneo la sehemu moja kwa 150 ya eneo la silingi. Kwa nyumba ya mita mraba 90 hiyo ni mita mraba 0.6, nusu yake chini ukingoni, nusu juu karibu na kilele, ili hewa iingie huku itokee kule. Nyumba nyingi ninazoingia hazina hata robo ya hiyo, kwa sababu mbao za ukingoni zimepigwa zikabana kabisa ili nyumba ipendeze kutoka barabarani.

Mwambie kaka yako pia kwamba walaghai hawana nchi. Kwao, mvua ya mawe ikipita, huja watu wakibisha mlango mmoja baada ya mwingine wakitoa ukaguzi wa bure, na ukaguzi huo mara nyingi humaliziwa na paa jipya. Ukaguzi wa bure wa mtu anayeuza paa ni tangazo lake la biashara. Hapa kwetu nimeona fundi akikunja ukingo wa bati kwa koleo, akashuka na picha. Simtuhumu yeyote kati ya hao watatu wako, huenda wameona kutu na kuamini wanachosema, kama nilivyoamini mimi kule Uthiru. Lakini wote watatu wanalipwa tu kama paa litang'olewa, na hakuna hata mmoja aliyeingia juu ya silingi, sivyo? Hiyo ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo mlipe mtu ada ya kukagua peke yake, na mpatane kabla kwamba kazi ya kutengeneza hatapewa yeye. Anaweza kuwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, msanifu majengo, au fundi wa paa mzoefu anayeaminika mtaani kwenu. Mkandarasi utakayempa ukarabati baadaye, muulize usajili wake wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na uuthibitishe. Mkaguzi akuachie ripoti ya maandishi: mchoro wa paa wenye namba, picha ya kila kasoro ikiwa na namba hiyo, usomaji wa unyevu wa mbao, alichokiona juu ya silingi, na mwisho aseme kipi ni cha sasa, kipi kinaweza kusubiri mwaka, na kipi hakihitaji kuguswa. Hilo la mwisho litazame kwa makini. Ripoti isiyo na kitu kizima hata kimoja, mimi huiogopa. Mkaguzi ajue pia kutambua asbesto, vile vigae vyenye nyuzi zinazodhuru mapafu, kwenye nyumba za zamani, maana hiyo haivunjwi ovyo wala kutupwa jalalani. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina utaratibu wake.

Kama atathibitisha ni jasho, tiba ni nafuu kuliko ulivyotishwa, na sehemu yake unaweza kuianza kabla hajafika. Zibua matundu yote ya hewa. Pika sufuria ikiwa imefunikwa, dirisha la jikoni likiwa wazi kiasi cha kiganja, na uliache hivyo nusu saa baada ya kupika. Nguo anika barazani hata zikichukua siku mbili. Mlango wa bafu ufungwe watoto wakioga na dirisha lake lifunguliwe. Kisha fundi wa kawaida, kwa kazi ya siku moja au mbili, azibe mianya ya silingi: kandokando ya taa, kwenye kifuniko cha kupandia, penye pembe zilizoachana. Mvuke mwingi hupanda kupitia matundu hayo madogo, na chumba cha wajukuu naamini kina mojawapo. Halafu afungue ukingo wa paa na kuweka wavu wa kuzuia ndege na popo, na matundu ya kutokea karibu na kilele.

Mtu akikwambia utandaze kihami juu ya silingi, ni ushauri mzuri kwa joto la nyumba, lakini usikubali kabla ya matundu ya paa. Kihami huzuia joto lisipande, kwa hiyo juu yake panakuwa baridi zaidi, na mvuke utakaopenya utakuta bati baridi kuliko la leo. Nimeona nyumba moja mtaani Karen ikianza kutoa jasho mwaka uleule ilipowekewa kihami cha gharama kubwa.

Na kama ripoti itasema bati limeliwa kweli, basi badilisha lililoliwa. Mara nyingi ni upande mmoja, ule usiopata jua. Uliza geji, yaani namba ya unene wa bati, kwa mdomo wako na uitazame kwenye bati lenyewe pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS): namba ikipanda bati linapungua unene, kwa hiyo geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Na kabla halijapigiliwa, utandazwe chini yake utando wa kuzuia maji wenye uso unaong'aa kama fedha. Ukiezeka bila huo utando, umerudi ulikotoka.

Baada ya hapo jiwekee mazoea ya ukaguzi mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya mvua za masika za Machi hadi Mei, na Septemba kabla ya zile za Oktoba hadi Desemba. Mkaguzi mwenye ada si lazima kila mara. Ukishakuwa na ripoti ya kwanza yenye mchoro na picha, mtu yeyote makini wa nyumbani anaweza kuingia juu ya silingi na tochi na kulinganisha. Mvua ya mawe ikipiga, ita mtaalamu.

Sasa mjukuu. Usimwache apande Jumamosi. Bati lenye umande huteleza kama sabuni, na lililoliwa na kutu kutoka chini halionyeshi udhaifu mpaka mguu umepita. Silikoni nayo ataipaka juu ya msumari ambao huenda hauna kosa, na akiziba vibaya penye lapu atayafungia maji ndani. Lakini nguvu yake usiitupe, ameonyesha moyo. Mpe ile kazi inayoanzia chini ya paa. Zima umeme wa taa kwenye swichi kuu, akanyage juu ya mbao na asikanyage silingi, avae kitambaa puani, na awe na tochi, kalamu na simu ya kupigia picha. Aingie mara mbili: saa kumi na mbili kasoro alfajiri apitishe kiganja chini ya bati juu ya jikoni na juu ya chumba chao, kisha saa saba mchana arudi na azime tochi, aangalie kama kuna nyota. Picha zake na daftari lako ndivyo utakavyomkabidhi mkaguzi siku atakayokuja.